Namna ninavyosoma wasifu wa wakili wa kesi za biashara

Mtu akiniletea wasifu wa mawakili watatu na kuniomba nimsaidie kuchagua, sianzi na chuo. Shahada ya sheria na leseni ya uwakili kila mmoja wao anazo, japo njia za kuzipata hutofautiana. Marekani, kwa mfano, mtu kwa kawaida humaliza shahada ya kwanza ya fani yoyote, akasoma sheria miaka 3, ndipo akafanya mtihani wa uwakili wa jimbo.

Mimi hutafuta alichokifanya kwa mikono yake ndani ya kesi. Migogoro mingi ya biashara huishia kwenye makubaliano kabla ya hukumu, hivyo mtu anaweza kukaa kazini miaka mingi bila kumhoji shahidi hata mmoja mbele ya jaji. Hilo si kosa lake, ila mteja ana haki ya kulijua. Muulize: hati ya madai uliiandika wewe? Shahidi wa upande wa pili ulimhoji wewe, au ulikaa nyuma ya wakili kiongozi ukimpitishia vielelezo?

Miaka yangu ya kwanza niliimaliza kwenye mafaili, na sijutii hata siku moja. Kulikuwa na kesi ya mnunuzi aliyepokea mitambo mibovu. Mkataba ulimpa siku 14 tangu kupokea mzigo awe ameshalalamika kwa maandishi. Muuzaji alihesabu kuanzia tarehe ya ankara, tarehe 2. Barua ya malalamiko ilikuwa ya tarehe 19. Siku 17, basi mteja wetu amechelewa. Nilikuwa napanga jedwali la tarehe, karatasi moja baada ya nyingine, nilipoigeuza hati ya kupokelea mzigo. Nyuma yake palikuwa na muhuri wa ghala, wino umefifia: tarehe 9. Siku 10 tu. Hakuna aliyekuwa ameugeuza ukurasa ule. Shahidi wa muuzaji alipoonyeshwa muhuri ule mahakamani alinyamaza kwa muda mrefu, na wiki iliyofuata wakaomba tuzungumze.

Ndiyo maana wakili aliyewahi kuwa mhasibu, au aliyefanya kazi ndani ya kampuni kabla ya kuvaa joho, namtazama kwa jicho la pekee. Anajua ankara huzaliwa vipi na nani hugonga muhuri. Aliyewahi kuwa msaidizi wa jaji naye ana lake: ameona hoja zinavyopokelewa upande wa pili wa meza.

Kuna jambo moja ambalo wasifu mwingi haulitaji kabisa, nalo ni kukazia hukumu. Kushinda ni jambo moja, kulipwa ni jingine. Mdaiwa anaweza kuwa amehamisha mali zake zamani, au mali hizo ziko nchi nyingine. Tuzo ya usuluhishi, yaani uamuzi wa msuluhishi waliyemkubali wenyewe badala ya mahakama, inasaidiwa na Mkataba wa New York wa 1958, unaozitaka nchi kutekeleza tuzo zilizotolewa nchi nyingine, na ambao nchi zaidi ya 170 zimejiunga nao. Hukumu ya mahakama haina mkataba wenye upana kama huo. Kwa hiyo swali langu la mwisho kwa wakili huwa hili: katika kesi ulizoshinda, ni ngapi mteja alipokea fedha mkononi, na ulizifuata wapi?