Kuzifunga metali za topesumu kwa chembe nano zitokanazo na majani

Metali zilizomo katika topesumu ya migodi, yaani tope lenye sumu linalobaki madini yakishatolewa, haziozi wala haziteketei kwa kuchomwa. Risasi, kadimiamu na aseniki hubaki hata baada ya mgodi kufungwa, na zikishikamana na udongo husafiri kidogo, ila zikiyeyuka huweza kufika kisimani. Mara nyingi chanzo cha kuyeyuka huko ni pairiti, madini ya chuma na salfa ambayo, yakikutana na hewa na maji, huzalisha asidi ya salfuriki.

Njia mojawapo inayochunguzwa ni kuchanganya topesumu na chembe nano za chuma, zenye upana wa nanomita 1 hadi 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ambazo kwa udogo wake huzipa metali eneo kubwa la kunata. Kwa kawaida chembe hizo hutengenezwa kwa sodiamu borohidridi, kemikali yenye sumu inayotoa gesi ya hidrojeni. Majani ya chai au ya mkaratusi yaliyochemshwa na kuchujwa yanaweza kushika nafasi yake, kwa kuwa polifenoli zake, yaani kemikali za asili za mimea, huipa chumvi ya chuma elektroni na kuigeuza chembe, kisha huzivika chembe utando unaozuia zisigandane. Mchanganyiko hugeuka mweusi, ingawa weusi huo pekee si ushahidi: polifenoli na chuma hutoa rangi hiyo hata pasipo chembe nano, na ndivyo wino wa kale ulivyotengenezwa.

Inayotusumbua zaidi ni aseniki. Hushikwa vizuri na oksidi za chuma, yaani kutu inayofanyika juu ya chembe, lakini chokaa inayowekwa ili kutuliza risasi na kadimiamu, ikizidi, huweza kuiachia. Topesumu ikituama maji na kukosa oksijeni, oksidi zenyewe huyeyuka. Na mbolea ya fosfati, ambayo anayepanda miti juu ya topesumu huimwaga kwa nia njema, huipokonya aseniki nafasi yake juu ya chembe. Kwa maoni yangu, kuchemsha majani ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii.

Kwa hiyo, ili kujua kama metali zimefungika kweli, sampuli ya topesumu iliyochanganywa na chembe hutikiswa katika maji yenye asidi kidogo, metali zilizotoka zikapimwa, na kipimo hicho hakina budi kurudiwa misimu ya mvua ikishapita. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita, kwa risasi na kwa aseniki vilevile. Udongo wenyewe bado una metali zake zote, hivyo vumbi lake lifunikwe na watoto wasichezee hapo.