Tai ya shule si kipimo cha ubora wala utajiri

Kuna ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu: eti shule yenye tai ni ya wenye nacho na hufundisha vizuri zaidi. Si kweli. Rangi na mistari ya tai hutambulisha shule, basi. Igeuze usome lebo: nyingi ni poliesta ya kawaida, na za watoto wadogo huwa na mpira shingoni, hazihitaji hata kufungwa fundo. Ubora uulizie kwenye matokeo, walimu na idadi ya wanafunzi darasani.

Dhana hii ina chanzo. Uingereza, karne ya 19, tai za rangi zilihusishwa na vilabu na shule za matajiri. Leo huvaliwa na wanafunzi wa kila tabaka. Ujumbe huo humuumiza mzazi anayejinyima ili mwanawe asome. Tafadhali, ukikufikia usiusambaze.