Haibanesheni: popo na kindi wanavyovuka miezi ya baridi

Mwezi wa sita na wa saba, huko Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, watu huamka wakakuta umande umeganda juu ya majani. Jua likitoka, unayeyuka. Alaska na kaskazini mwa Marekani hali ni nyingine: baridi hukaa miezi, wadudu hupotea na mbegu hufunikwa na theluji. Ndipo baadhi ya wanyama wadogo huingia kwenye haibanesheni, yaani hushusha joto la mwili, mapigo ya moyo na pumzi ili mafuta waliyonenepea yawafikishe msimu wa chakula.

Watu husema mnyama amelala, lakini hali hii ni nzito kuliko usingizi. Ni kama kufukia makaa kwenye majivu usiku: moto upo, ila unakula kidogo mno.

Kindi wa ardhini wa Alaska hujifungia peke yake shimoni, udongo ukiwa umeganda pande zote. Mwaka 1989 iliripotiwa kwamba joto la mwili wake hushuka hadi nyuzi 2.9 chini ya sifuri, na bado damu yake haigandi! Popo mdogo wa kahawia wa Marekani Kaskazini, asiyefika gramu 15, hathubutu hayo. Yeye hutafuta pango lisiloganda, akabanana na wenzake ukutani, na joto lake likashuka karibu na la pango.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kuamka. Wote wawili huamka mara kwa mara, kindi kila baada ya wiki mbili tatu, mwili ukapata joto kwa saa kadhaa, kisha wakazama tena. Kujipasha huko ndiko kunakomaliza sehemu kubwa ya akiba. Ukungu mweupe wa puani, yaani ugonjwa wa kuvu, ulioonekana mara ya kwanza New York mwaka 2006, huwaua popo kwa njia hiyo hiyo: huota kwenye ngozi yao iliyopoa, wakaamka mara nyingi kupita kiasi, na mafuta yakaisha kabla wadudu hawajarudi. Wamekufa mamilioni, na inasikitisha sana.

Afrika nako wapo popo wala wadudu wanaoshusha joto, ila kwa muda mfupi. Hali hiyo huitwa topa. Kwa hiyo ukikuta popo darini asubuhi ya baridi, amepoa na hatikisiki, usiharakishe kumfagia ukidhani amekufa. Usimshike kwa mkono mtupu pia, maana popo anaweza kuambukiza ugonjwa wa jamii ya kichaa cha mbwa akiuma. Mwache mpaka jioni.