Kwa nini spika za nyuma hazipaswi kukaa nyuma?

Mtu anapofunga seti ya sinema ya nyumbani yenye spika tano na sabufa moja, spika mbili za mwisho kutoka kwenye boksi huishia karibu kila mara katika kona mbili za nyuma ya chumba. Mimi pia niliziweka huko kwa muda mrefu, nikiamini kwamba kazi yake ni kusikika kutoka kisogoni. Wengi huziita "spika za nyuma", na jina likishazoeleka ndilo linaloongoza mkono wa anayetoboa ukuta. Hata hivyo, mpangilio uliopendekezwa na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika waraka wake wa BS.775, hauziweki kisogoni. Tukipima pembe pale msikilizaji anapokaa, kuanzia katikati ya skrini, spika za mbele za kushoto na kulia hukaa kwenye nyuzi 30, na hizi mbili hukaa kati ya nyuzi 100 na 120. Kwa kuwa nyuzi 90 ndizo usawa wa sikio lenyewe, spika hizo zipo ubavuni, zimerudi nyuma ya bega kidogo tu.

Sababu imo katika namna tunavyotambua sauti inakotoka. Fikiria nyumba yenye walinzi wawili, mmoja upande wa kulia na mwingine upande wa kushoto, na mwenye nyumba aliye ndani hujua mambo ya nje kwa taarifa zao tu. Mgeni akija kutoka kulia, mlinzi wa kulia humsikia mapema zaidi na kwa nguvu zaidi, kwa hiyo mwenye nyumba hana shaka. Mgeni huyo akija katikati kabisa, walinzi wote wawili hutoa taarifa moja kwa wakati mmoja, iwe amepitia uwanja wa mbele au wa nyuma. Masikio ndiyo walinzi hao: sauti ya ubavuni hutangulia kufika sikio moja kwa takribani milisekunde 0.7, na kichwa hulikinga sikio la pili, hasa dhidi ya sauti nyembamba. Sauti ya katikati haina tofauti hizo.

Jambo hili unaweza kulithibitisha kwa funguo. Kaa kitini, fumba macho, usitikise kichwa, kisha mwenzako achezeshe funguo mara mbele ya pua, mara nyuma ya kisogo, bila kufuata utaratibu. Usishangae ukikosea, ilhali funguo zikiwa ubavuni hutakosea hata mara moja. Ni kweli kwamba mikunjo ya sikio la nje hutusaidia kutenganisha mbele na nyuma, lakini masikio hayafanani kwa watu wote, na msaada mkubwa zaidi, yaani kugeuza kichwa, hatuutumii tukiwa tumekodolea macho skrini.

Ndiyo maana mvua ya kwenye filamu, ikipigwa na spika za kona za nyuma, husikika kama kitu kilicho mbali kisogoni, na pengine huchanganyika na sauti za mbele. Ikitoka ubavuni, kila sikio hupata matone yake, na tofauti hiyo ndiyo inayompa msikilizaji hisia ya kuwa ndani ya mvua. Katika kumbi za muziki pia, sauti inayorudishwa na kuta za pembeni ndiyo inayosifiwa kwa kumfunika msikilizaji. Hilo hunivutia kila ninapolifikiria.

Nyuzi hizo si sheria ya kukata shauri. Sofa ikiwa imeegemea ukuta wa nyuma, spika zikae kwenye nyuzi 90 kamili, na bado zitafaa kuliko zikiwa konani. Kwenye seti ya spika saba, mbili za nyongeza ndizo hasa zinazokwenda nyuma, kwenye nyuzi 135 hadi 150.

Kimo kiwe juu kidogo ya masikio, ili aliyekaa kando asiikinge sauti isiwafikie wengine. Umbali hurekebishwa kwenye amplifaya: sauti hutumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita, na sikio huelekea kuiamini ile iliyotangulia kufika, kwa hiyo amplifaya huichelewesha spika iliyo karibu. Futikamba ianzie pale kichwa kinapokaa, wala si ukutani.