Asilimia 40 ilikwenda wapi?

Kila ripoti mpya ya utafiti wa afya ya uzazi na mtoto inapotoka, watu hunitafuta wakitaka namba moja tu: wanawake wangapi wamepigwa? Ripoti ya 2015-16 ilisema asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walishawahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15. Ile ya 2022 ikasema asilimia 27. Kwa ukatili wa kingono, 17 ikawa 12. Nimekaa kwenye kikao ambapo tofauti hiyo ilipigiwa makofi. Mimi sikupiga.

Tazama kipimo chenyewe. Kinauliza juu ya maisha yote tangu miaka 15, hakiulizi juu ya mwaka jana. Mwanamke aliyekuwa na miaka 30 wakati wa utafiti wa kwanza akajibu ndiyo, wakati wa utafiti wa pili ana kama miaka 37, na jibu lake bado ni ndiyo. Ni ndiyo hata kama mumewe aliacha kumpiga, hata kama waliachana, hata kama mume ameshazikwa. Kati ya tafiti hizo mbili imepita miaka sita na ushee. Waliotoka kwenye kundi ni waliokuwa na miaka 43 na kuendelea, na walioingia ni mabinti wa 15 hadi 21, ambao ni robo ya wanawake wote au zaidi kidogo.

Sasa tupige hesabu ya haraka. Tuseme hakuna hata mmoja kati ya mabinti hao aliyewahi kuguswa. Robo tatu iliyobaki ni walewale wa zamani, na idadi yao ya waliowahi kupigwa inaweza kupanda au kubaki ilivyokuwa, kushuka haiwezi. Robo tatu ya 40 ni 30. Yaani hata kama kizazi kizima cha mabinti kingekuwa salama kabisa, tungetarajia namba iliyo karibu na 30. Tumepata 27. Makosa ya sampuli, yaani yale yanayotokana na kuhoji baadhi tu ya wanawake badala ya wote, yanaweza kuisogeza namba pointi moja au mbili huku au kule, lakini hayawezi kula pointi 13 zilizopotea kati ya 40 na 27.

Huenda ukatili umepungua kweli kwa kiasi fulani, na naomba iwe hivyo. Lakini sehemu kubwa ya tofauti hii haikutokea ndani ya nyumba za watu. Ilitokea kwenye mahojiano. Ndiyo maana lazima tuzungumzie mahojiano yanavyofanyika.

Mwaka 2022, Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar walihoji wanawake 15,254. Maswali ya ukatili hayaulizwi kwa wote. Katika kaya huchaguliwa mwanamke mmoja kwa bahati nasibu, hata kama wanaostahili ni wanne. Sababu yake ni usalama. Ukimuuliza mama kisha ukamuuliza mkwewe, jioni watalinganisha maswali, na yale yaliyosemwa yatamfikia mwenye nyumba. Utaratibu huu una gharama yake ya kitakwimu: aliyechaguliwa kwenye kaya ya wanawake wanne anabeba sauti za wanne, kwa hiyo jibu lake hupewa uzito mkubwa kuliko la yule anayeishi peke yake na mumewe. Mwanafunzi akisahau uzito huo anapochambua data, wanawake wa kaya kubwa wanafifia bila yeye kujua.

Halafu kuna maneno. Dodoso halimuulizi mtu kama amefanyiwa ukatili. Ukiuliza hivyo, aliyezabwa kofi jana atakwambia hapana, kwa sababu kwake ukatili ni ule wa kulazwa hospitali. Wengine wanasema walirekebishwa. Kwa hiyo, kuanzia kazi za mwanasosholojia Murray Straus wa Marekani miaka ya 1970, wapimaji wamejifunza kuuliza tendo moja moja: je, mumeo aliwahi kukusukuma, kukutikisa au kukurushia kitu? Kukupiga kofi? Kukusokota mkono au kukuvuta nywele? Kukupiga ngumi? Kukupiga teke, kukuburuza? Kukukaba au kukuchoma kwa makusudi? Kukutishia kwa kisu au silaha nyingine? Kila swali ni mlango mpya. Nimeshuhudia mwanamke akijibu hapana mara tatu, akanyamaza kidogo kwenye swali la nne, kisha akarudi mwenyewe nyuma kusahihisha la kwanza.

Kwa upande wa kingono, maneno ni magumu zaidi. Kubaka, kwa sheria yetu, hakumhusu mume anayeishi na mkewe. Tangu marekebisho ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mume hushtakiwa kwa kumbaka mkewe pale tu wanapokuwa wametengana. Mtaani nako kuna neno unyumba, na mke hulaumiwa kwa kuunyima. Hakuna anayemlaumu mume kwa kuupora. Ukimuuliza mwanamke kama mumewe aliwahi kumbaka, atakushangaa. Ukimuuliza kama aliwahi kumlazimisha kwa nguvu kulala naye wakati yeye hataki, anajua unazungumzia usiku gani.

Ila swali zuri bila faragha ni kazi bure, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi ninapofundisha wadadisi, yaani wanaokwenda kuhoji. Kanuni iko wazi: sehemu hii haiulizwi kama kuna mtu anayesikia, na mtu akiingia unabadilisha mada papo hapo. Kuiandika kanuni ni rahisi. Nyumba zetu zina vyumba viwili, pazia badala ya mlango, watoto wanaotaka kuona kishikwambi, na mama mkwe anayechambua mchele hatua tatu kutoka mlangoni. Mgeni mwenye kitambulisho akiomba kuongea na mke wa mtu peke yake, kijiji kizima kinajua kabla hajakaa. Mdadisi mzoefu humwomba dada amsindikize kisimani, au hurudi kesho saa ambayo wengine wako shambani. Mdadisi aliyechoka, ambaye ameshauliza habari za vyandarua, chanjo, uzazi wa mpango na vifo vya ndugu, na bado ana kaya tatu kabla ya jua kuzama, anasoma maswali ya ukatili haraka haraka akitazama kioo cha kishikwambi. Mwanamke huisikia haraka hiyo katika sauti. Anajibu hapana, hapana, hapana, na wote wawili wanapumua. Simlaumu hata mmoja wao.

Jambo hili lilionekana wazi Nikaragua. Tafiti mbili zilizolenga ukatili peke yake zilikuta asilimia 52 ya wanawake waliowahi kuolewa katika jiji la León, na 69 katika Managua, walishafanyiwa ukatili wa kimwili na waume zao. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 1998 ukaja na 28. Mtafiti Mary Ellsberg na wenzake walipochunguza, hawakuridhika na maelezo ya tofauti za maeneo. Walionyesha nafasi ya mafunzo ya wadadisi, faragha, na idadi ya fursa anazopewa mwanamke kusema. Kwetu pia tuna kumbukumbu ya namna hiyo: utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2005, ambao kwa Tanzania uliongozwa na Jessie Mbwambo wa Muhimbili, ulikuta asilimia 41 ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza Dar es Salaam, na 56 mkoani Mbeya, walishafanyiwa na mwenza ukatili wa kimwili au wa kingono. Vipimo vyake si sawa kabisa na vya utafiti wa afya ya uzazi, hivyo usiziweke namba hizo kwenye mstari mmoja. Lakini wadadisi wake walifundishwa kwa wiki kadhaa jambo hili hasa, na inaonekana.

Kuna wanawake ambao hakuna swali litakalowafikia. Wenye zaidi ya miaka 49 hawamo, ingawa Usukumani tumezika bibi vizee waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Binti wa kazi za ndani yumo kwenye orodha ya kaya, lakini ni nani atampa nafasi ya kuzungumza mbali na mwajiri wake? Na aliyeuawa na mumewe hana wa kumjibia.

Mpango wa kimataifa uliotengeneza sehemu hii ya dodoso, ulioanza 1984 kwa fedha za Marekani, ulisimamishwa Februari 2025. Utafiti ujao, wowote utakaokuwa, huenda ukabanwa na bajeti, na ninajua nini huanza kukatwa: siku za mafunzo, ziara za kurudia, msimamizi wa kike kwenye timu. Vyote vitatu ndivyo vinavyomfanya mtu aseme. Utafiti wa bei nafuu utaleta asilimia ndogo zaidi, na asilimia hiyo itasomwa kama habari njema.

Kwa hiyo ukipata ripoti mpya, acha kwanza ile namba ya ukurasa wa mbele. Tafuta ukatili wa miezi 12 iliyopita, kwa kuwa huo ndio unaoweza kupanda na kushuka kweli. Kisha fuata kundi moja la umri kutoka ripoti moja hadi nyingine: waliokuwa 25 hadi 29 wakati ule, leo ni akina nani, na wamesema nini? Mwisho angalia ni wanawake wangapi walichaguliwa kuulizwa maswali haya lakini hawakuulizwa kwa sababu faragha ilikosekana. Namba hiyo ikiwa karibu na sifuri katika nyumba zetu hizi za mapazia, mtafute aliyesimamia timu umuulize ilikuwaje.