Mato oput si msamaha wa bure: dhana potofu kuhusu upatanisho wa Waacholi

Yanapozungumzwa maridhiano baada ya vita barani Afrika, mato oput, mila ya Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, hutajwa mapema, na mara nyingi hutajwa visivyo. Picha iliyozoeleka ni ya watu wawili waliopiga magoti wakinywa kutoka kibuyu kimoja. Picha hiyo ni ya kweli, lakini inaonyesha saa ya mwisho tu ya kazi ndefu.

Dhana potofu: Ni sherehe ya siku moja inayofuta kosa.

Ukweli: Mtu anapouawa, koo mbili husika hukatiana uhusiano, hazili pamoja, hazinywi pamoja wala hazioani. Wazee huanza kwenda na kurudi baina yao, na huenda miezi au miaka ikapita kabla ya ukoo wa muuaji kukiri waziwazi nani aliua, vipi na kwa nini. Pasipo ukweli huo hakuna hatua inayofuata. Kisha hulipwa fidia, iitwayo culo kwor, ambayo ni mzigo wa ukoo mzima na si wa muuaji peke yake. Zamani mali hiyo iliweza kutumika kuoa mke ambaye watoto wake wangeendeleza jina la marehemu, na kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa mila hii, kwa kuwa inawataka wahusika wakiri kwamba kuna uhai uliopotea na kwamba lazima kitu kirudi mahali pake.

Baada ya hayo ndipo hufika siku ya kunywa. Upande wa muuaji huleta kondoo, upande wa marehemu huleta mbuzi. Wanyama hao hukatwa nusu kwa nusu na koo zikabadilishana. Mizizi michungu ya mti wa oput hupondwa na kuchanganywa na pombe ya kienyeji, na wawakilishi wa pande zote mbili, si wa muuaji pekee, hupiga magoti, mikono ikiwa nyuma, wakainywa. Uchungu huo basi si adhabu, kwani hata aliyefiwa huuonja.

Dhana potofu: Kukanyaga yai ndiyo mato oput yenyewe.

Ukweli: Nyono tong gweno ni mila ya kumpokea nyumbani mtu aliyekaa mbali kwa muda mrefu, na ilitumiwa kuwapokea vijana waliotekwa na waasi wa Lord's Resistance Army (LRA), kundi la Joseph Kony, kisha wakarejea. Hukanyaga yai bichi lililowekwa pamoja na kijiti cha opobo, chenye utelezi unaosafisha, na layibi, mti wa kufungulia ghala la nafaka, ukumbusho kwamba hapa ndipo alipokuwa akila. Inamkaribisha mtu, lakini haimalizi deni la damu, na kuzichanganya mila hizi mbili ni kuwadhulumu waliofiwa.

Dhana potofu: Mila hii ingetosha kumaliza kesi zote za vita vya Kony.

Ukweli: Mato oput ilikusudiwa mauaji baina ya koo zinazofahamiana, ambamo muuaji anajulikana na ukoo wake unaweza kuitwa. Kwa vita baina ya makabila, Waacholi walikuwa na mila nyingine, gomo tong, ambapo mikuki hupindwa isitumike tena. Makubaliano ya uwajibikaji na maridhiano baina ya serikali ya Uganda na LRA, yaliyotiwa saini Juba mwezi Juni 2007, yalitaka mila hizi zikuzwe pamoja na marekebisho yatakayohitajika, lakini sambamba na mahakama. Joseph Kony hakutia saini mkataba wa mwisho wa amani mwaka 2008, na Dominic Ongwen, Mwacholi aliyetekwa na LRA akiwa mtoto kisha akawa kamanda wake, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague mwaka 2021 kifungo cha miaka 25.

Iko pia dhana kwamba kaskazini yote ya Uganda hunywa oput. Makubaliano hayohayo ya Juba yanaitaja kayo cuk ya Walangi, ailuc ya Wateso na tonu ci koka ya Wamadi. Mamia ya watu waliouawa na LRA huko Barlonyo mwezi Februari 2004 walikuwa katika nchi ya Walangi, na kuzungumzia upatanisho wa jamaa zao kwa jina la mila ya Waacholi peke yake ni kuwanyima sauti katika jambo linalowahusu wao kwanza.