Kinga haijashuka, imepitiliza

Hapa Mtwara, mgonjwa wa saratani akirudi kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, amedhoofu, mtaani jibu liko tayari: "Mionzi imemshusha kinga." Kesho yake kishaletewa unga wa mlonge, eti wa kupandisha kinga. Kwa aliyepewa kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, neno hilo lina ukweli, maana kemo huangusha chembe nyeupe za damu. Ila sasa nalisikia hata kwa aliyechanganyiwa mionzi na tiba ya kinga, na hapo ndipo ninapochoka.

Tiba ya kinga, au imunotherapi, ni dawa zinazoondoa kizuizi kinachofanya chembe za kinga ziipite saratani bila kuigusa. Ni kama kumfungulia mbwa wa ghala la korosho: mwizi atakoma, lakini na mwenye ghala ajihadhari. Kwa hiyo madhara yake mengi ni kinga kuushambulia mwili wenyewe. Utumbo ukivimba mtu anaharisha. Huweza pia kuwa ini, ngozi au tezi ya shingoni.

Kifuani ndiko tiba hizi mbili zinakokutana vibaya. Mionzi peke yake huweza kuvimbisha pafu, tena miezi kadhaa baada ya kumaliza. Dawa ya kinga nayo huweza. Katika utafiti wa saratani ya mapafu uliotangazwa 2017, waliopewa durvalumabu, mojawapo ya dawa hizo za kinga, baada ya kemo na mionzi, karibu 34 kati ya 100 walipata uvimbe huo. Waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na kitu ndani, 25. Waliozidiwa sana walikuwa wachache pande zote: asilimia 3.4 kwa 2.6.

Uvimbe huo si nimonia ya vijidudu, ingawa kikohozi kikavu na kuhema kwa shida vinafanana, na hata picha ya eksirei huchanganya. Daktari atapima TB na maambukizi kwanza, na ni haki yake. Akijiridhisha, ataandika prednisoloni, dawa ambayo kazi yake ni kuituliza kinga. Hapo ndugu huja juu: "Kinga imeshuka, nanyi mnaishusha zaidi!" Vidonge vinafichwa. Prednisoloni ya wiki nyingi ikikatwa ghafla ni hatari nyingine. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Basi, jamani, shangazi akianza kukohoa, hata kama sindano ya mwisho ya tiba ya kinga ilikuwa miezi mitatu nyuma, mlonge usubiri. Chukueni karatasi yake ya Dar, mpelekeni hospitali ya Ligula hapa Mtwara, na neno la kwanza kwa daktari liwe jina la ile dawa ya kinga.